Unaenda China? Usiende Kama Kontena: Hivi Ndivyo Utakula, Utazurura na Utabamba Usiku

Kama unaishi Chaani, China haiko mbali. Iko nje ya ploti. Matrela yanatoka bandarini mchana na usiku, na kwa makontena utasoma jina COSCO, kampuni ya meli ya China. Ukidandia Madaraka Express pale Miritini, reli hiyo ilijengwa na China Road and Bridge Corporation na ikaanza kubeba abiria 2017. Ukicheki upande wa Kipevu, kituo kipya cha mafuta kilichofunguliwa 2022 pia ni mkono wa Wachina. Hata simu umeshika ukisoma hii, pengine ilipita hapo hapo.

Sasa kuna wasee wa mtaa wameanza kwenda upande ule mwingine. Mmoja anafuata spea za bodaboda, mwingine nguo, mwingine kava za simu. Wakirudi unawauliza, "Sasa China ni aje?" Jibu ni moja: "Watu ni wengi." Basi! Mtu amekaa wiki mbili Guangzhou, doh ya chama imeisha, na alichoona ni soko, hoteli na ofisi ya kusafirisha mzigo.

Huyo ameenda kama kontena. Amepakiwa, ameshushwa, amepakiwa tena, hajaona kitu.

Wewe usifanye hivyo. Hata kama unaenda kusaka mzigo, jiwekee siku mbili tatu za kuona mji. Lakini kuna mambo ukikosea kabla hujatoka Chaani, utalala njaa na pesa ziko mfukoni, ama utalala ndani kabisa. Tuanze na hayo.

1. Ya kupanga ukiwa bado kejani

Viza kwanza. Mkenya anahitaji viza kuingia China. Ya utalii inaitwa L, ya biashara inaitwa M. Ukipewa, soma vizuri imeandikwa uingie mara ngapi, juu hilo neno dogo linaweza kukuharibia safari. Tutarudi hapo. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Angalia tarehe. Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara yaliyoanza 1957, hufanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili na kuanzia Oktoba. Kama huendi kwa maonyesho, epuka hizo wiki. Hoteli hupandisha bei bila huruma.

Na sasa lile la muhimu kuliko yote kwa kijana wa Mombasa: usibebe muguka. Usibebe miraa. Hata kijani kimoja cha kutafuna ndegeni. Tangu 2014 China imeweka mmea wa miraa kwenye orodha ya mihadarati inayodhibitiwa, na muguka ni mmea huo huo. Hapa kwetu ni ubishi wa kaunti na wauzaji. Kule ni kesi ya jinai. Na mtu akikuambia, "Bro, nibebee tu hii begi, kuna mtu atakuja kuichukua," mwambie hapana, hata kama ni binamu yako. China bado inatoa hukumu ya kifo kwa wasafirishaji wa madawa, na wageni wamo.

2. Simu yako ndio pochi, ramani na mdomo

Sisi tumezoea kujigamba na M-Pesa tangu 2007. Ukifika China utanyamaza. Kule hata mzee anayechoma viazi vitamu kando ya barabara amebandika karatasi ya kuskani. Noti anaweza kuzipokea, na sheria inasema azipokee, lakini chenji hana.

Kwa hivyo kabla hujatoka, weka Alipay na WeChat kwenye simu. Tangu 2023 zote mbili zinakubali kuunganishwa na kadi ya Visa au Mastercard ya nje. Malipo yasiyofika yuan 200 hayakatwi ada, yakipita hapo unakatwa asilimia 3. Kwa bei za 2025, yuan moja inacheza karibu na shilingi 18, kwa hivyo hiyo 200 ni kama thao tatu na mia sita. WeChat mara nyingine inataka mtu mwenye akaunti akuthibitishe, kwa hivyo fanya hiyo kazi ukiwa huku, mtafute yule msee wa mtaa aliyewahi kwenda. Usingoje uwe umesimama kwenye foleni ya tambi na watu ishirini nyuma yako.

La pili: Google, WhatsApp, Instagram, Facebook, X na YouTube zimefungwa kule. Ukinunua laini ya China utajikuta huwezi kumwambia mama umefika. Wageni wengi hutumia roaming ya laini ya nyumbani, ama eSIM ya kusafiria walionunua kabla ya kutoka, kwa sababu intaneti yake inapitia nje. Pakua kamusi ya Kichina mapema ili ifanye kazi bila bando. Kwa ramani tumia Amap. Kwa teksi kuna DiDi, na iko ndani ya Alipay.

Pasipoti nayo itembee na wewe. Mgeni anatakiwa awe nayo kila wakati. Hoteli itakuandikisha polisi yenyewe, lakini ukilala kwa rafiki, wewe na yeye mnafaa kwenda kituo cha polisi ndani ya saa 24. Wengi hulala kwa mbogi kuokoa doh, wakasahau hii, wakapigwa faini.

3. Guangzhou mchana: anza Xiaobei, lakini usikwame hapo

Kutoka hapa mambo ni rahisi. Uwanja wa ndege wa Moi uko hapo Port Reitz, unaruka hadi Nairobi, na Kenya Airways ina ndege ya moja kwa moja mpaka Guangzhou. Ukifika, wenzako watakupeleka Xiaobei. Huo ndio mtaa ambao kwa miaka mingi umekuwa maskani ya wafanyabiashara wa Kiafrika. Utasikia Kifaransa, Kiarabu, Kihausa, na ukitega sikio vizuri, Kiswahili. Utapata kinyozi anayejua kichwa chako. Ni pahali pazuri pa kuanzia, ila ukikaa hapo wiki nzima umetoka Chaani ukaingia Chaani nyingine.

Toka. Metro ni safi, ni rahisi, na safari nyingi ni yuan chache tu. Jioni shuka Canton Tower, mnara wa mita 600 uliofunguliwa 2010. KICC yetu ni mita 105, kwa hivyo piga hesabu. Wenyeji wanauita "kiuno chembamba" kwa vile umejipinda katikati. Kupanda juu unalipa, lakini kuusimamia upande wa pili wa mto ukibadilisha rangi ni bure. Ukitaka kujibamba zaidi, chukua boti ya jioni Mto Pearl. Mtu wa Mombasa aliyezoea kubanana Likoni feri atashangaa kukaa kwa kiti, upepo unapiga, taa pande zote, na hakuna anayemsukuma.

Halafu kuna kitu ambacho wasee wa mzigo hawakuambii. Katikati ya mji kuna msikiti wa Huaisheng, mmoja wa mikongwe kabisa China. Mapokeo yanasema ulianzishwa na swahaba Saad bin Abi Waqqas, ingawa wanahistoria wanabishana kuhusu hilo. Mnara wake una mita 36 na hauna mapambo. Kama unaujua mnara wa Mandhry pale Old Town, wa 1570, utausimamia na kuhisi kama mnafahamiana. Na ni haki: wote wawili walijengewa watu wa majahazi na pepo za msimu. Ijumaa, nenda msikiti wa Xianxian karibu na bustani ya Yuexiu. Utaswali bega kwa bega na watu wa Afrika, Arabuni na Asia nzima, na ukitoka nje kuna mishkaki.

4. Dishi: utashiba, ukijua pa kuangalia

Watu wa Guangzhou wanaipenda chai ya asubuhi vibaya sana. Wanaiita zaocha. Usifikirie chai ya maziwa na mahamri. Ni chai ya rangi, kibuli kinajazwa tena na tena, na vikapu vidogo vya mianzi vyenye vitu vya mvuke: kamba waliofungwa kwa unga laini kama karatasi, maandazi meupe yenye nyama ndani, hata miguu ya kuku. Wazee wanakaa saa tatu na gazeti moja. Mtu akikumiminia chai, gonga meza kidogo kwa vidole viwili. Hiyo ni asante, na ukiifanya meza nzima itacheka kwa furaha.

Kama huli nguruwe, kuwa makini. Nguruwe yuko kila mahali, hata kwenye mboga utamkuta, na mafuta yake hupikiwa. Jifunze sentensi moja: "Wo bu chi zhurou," yaani sili nguruwe. Bora zaidi, weka picha ya maandishi haya kwenye simu: 清真. Yanasomeka qingzhen, maana yake halali. Ukiyaona juu ya mlango, ingia bila wasiwasi.

Nyuma ya maandishi hayo kuna vitu viwili vitakavyokuokoa. Cha kwanza ni tambi za Lanzhou. Jamaa anachukua donge la unga, analivuta, analikunja, analivuta tena mbele ya macho yako mpaka linakuwa nyuzi, kisha mchuzi wa ng'ombe juu. Bakuli ni karibu yuan 20, kama shilingi 360. Cha pili ni hoteli za Wauyghur, watu wa magharibi ya China. Wana mishkaki ya kondoo iliyopakwa jira, wana mkate wa tanuri, na wana wali wa nyama na karoti unaoitwa polo. Sema hilo jina polepole. Ndiyo, ni pilau. Safari yote hiyo, na pilau imekutangulia.

Mambo madogo: vijiti vya kulia usivichomeke wima kwenye wali, wanaweka ubani hivyo kwa wafu. Tipu hakuna, ukiiacha mezani utakimbizwa urudishiwe. Maji utaletewa ya moto, usigombane na mhudumu. Na ukifika Chongqing ama Chengdu ukaambiwa uonje hotpot, jua pilipili yao ina mwenzake, huajiao, inayotia ganzi mdomo. Hata kama unakunywa pilipili ya ukwaju kama juisi, utasalimu amri.

5. Usiku: mitaa inawaka, lakini sheria hailali

Usiku wa bure ndio mtamu zaidi. Jua likizama, kina mama wa makamo wanajaa kwenye viwanja na spika yao, wanapanga mistari na kucheza dansi ya pamoja. Hakuna kiingilio. Jiunge nyuma, kosea hatua, utapendwa. Halafu tafuta shaokao, mishkaki ya usiku kando ya barabara: nyama, uyoga, biringani, chaza. Viti vya plastiki, moshi, kelele. Utadhani uko Magongo, ila hakuna mtu anayelipa kwa noti.

Ukitaka klabu, Guangzhou kuna Party Pier, kando ya mto huko Pazhou, kwenye kiwanda cha bia. Beijing watu wanaenda Sanlitun. Shanghai, anza na Bund kutazama taa za ng'ambo ya mto, lakini fika mapema, juu saa nne hivi taa huzimwa. Klabu zao ni tofauti na zetu. Watu hawasimami kucheza sana. Wanachukua meza, wanaagiza pamoja, wanacheza dadu. Wengine hawaendi klabu kabisa, wanakodi chumba cha KTV na kuimba na marafiki mpaka sauti ziishe. Wakisema "ganbei" maana yake maliza glasi. Huli wala hunywi? Sema tu, inua chai yako. Hakuna atakayekununia.

Sasa sikiliza. Polisi wanaweza kuingia klabu, kufunga milango na kupima mkojo wa kila mtu. Ukipatikana umetumia bangi, unaweza kuwekwa ndani hadi siku 15 na kurudishwa nyumbani. Hiyo ni ya kutumia tu, sijasema kuuza.

Kuna na mtego mwingine, wa kistaarabu. Uko Nanjing Road Shanghai ama Wangfujing Beijing, mamanzi wawili wanaongea Kingereza safi wanakuja: "Tunataka kufanya mazoezi ya lugha, twende tunywe chai." Mnakunywa vikombe vitatu vidogo, bili inakuja ya maelfu ya yuan, na mlango umesimamiwa. Mgeni anayekuona leo akakupenda ghafla hivyo, mpeleke wewe pahali unapopajua. Akikataa, umeshapata jibu.

Metro nyingi hufunga karibu saa tano usiku. Na usisahau wako mbele yetu saa tano. Ukimpigia mama saa saba usiku wa huko, Chaani ni saa mbili, bado anapika.

6. Miji mingine, na mtego wa Hong Kong

Treni ya kasi ndio itakufanya uone nchi. Guangzhou hadi Beijing ni karibu kilomita 2,300, na treni za haraka zinatumia kama saa nane. Tiketi inaandikwa jina na namba ya pasipoti.

Beijing, Ukuta Mkuu upande wa Mutianyu hauna fujo kama Badaling. Kasri la wafalme, Forbidden City, lililojengwa 1406 hadi 1420, hufungwa Jumatatu, na tiketi unachukua mapema mtandaoni kwa pasipoti. Xi'an kuna wanajeshi wa udongo, waliogunduliwa 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima, na kuna mtaa wa Waislamu ambapo utakula ukiwa na amani. Chongqing, nenda Liziba uone treni ikipita katikati ya jengo la watu.

Lakini Hong Kong! Iko karibu sana na Guangzhou, na Mkenya anaingia bila viza hadi siku 90. Msee anaona, "Wacha nikatembee siku moja." Anavuka. Jioni anataka kurudi, anaambiwa viza yake ilikuwa ya kuingia China mara moja na ameshaitumia. Begi liko hoteli Guangzhou, mzigo uko ghala, yeye yuko mpakani. Ukivuka kwenda Macau, kurudi ni shida ile ile. Ndio maana nilikuambia usome hiyo viza.

7. Utaangaliwa. Sana.

Tusidanganyane. Nje ya miji mikubwa, na hata ndani yake, utaangaliwa, utapigwa picha, mtoto atataka kushika nywele. Mara nyingi ni udadisi. Unaweza kucheka, unaweza kukataa, haki ni yako. Na utasikia neno "neige" likirushwa kila sekunde kumi, masikioni litafanana na tusi baya la Kimarekani. Siyo. Maana yake ni "ile", kama sisi tunavyosema "ile kitu, yaani, ile". Usikunje ngumi.

Lakini siyo yote ni udadisi. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi Guangzhou walifukuzwa nyumbani na hotelini, wengine wakalala barabarani, mpaka serikali za Afrika, Kenya ikiwemo, zikalalamika rasmi. Wengi waliondoka na Xiaobei haijarudi ilivyokuwa. Leo bado kuna hoteli ndogo inaweza kukuambia haichukui wageni, ingawa serikali yao imeziambia ziache hiyo tabia. Kwa hivyo usiku wa kwanza lipia hoteli iliyothibitisha kuwa inapokea wageni, na namba ya ubalozi wa Kenya Beijing iwe kwa simu na kwa karatasi. Kujua hivi siyo kuogopa. Ni kujipanga.

Kabla hujafunga begi

Mwaka 1415, twiga kutoka Malindi alifika kwa mfalme wa China kule Nanjing, zama zile meli za Zheng He zilikuwa zinavuka bahari hii yetu. Wakamwona wakasema ni mnyama wa baraka kutoka kwenye ngano zao. Vipande vya sahani zao bado viko Gede na Fort Jesus. Pwani imejuana na China kwa zaidi ya miaka 600, tangu kabla mtu yeyote hajasikia neno kontena.

Kwa hivyo mzigo tafuta, doh ya chama irudi na faida. Lakini siku moja weka daftari la bei chini, panda metro mpaka kituo usichokijua, kula bakuli la tambi, cheza na kina mama uwanjani. Ukirudi Chaani na ukaulizwa China ni aje, uwe na stori ndefu kuliko "watu ni wengi."

Wewe ungeanza na mji gani? Na kama umeshaenda, ni kitu gani ungetamani mtu angekuambia mapema?